Darasa moja, mwalimu mmoja, ari tofauti kabisa: nini kinamsukuma mwanachuo kujifunza lugha ya pili?

Chaki na Vumbi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Kifaransa cha wanaoanza kwenye chuo kimoja hapa nchini, jina la chuo tuliache. Wanafunzi wangu karibu wote wametoka HKL, HGL na michepuo mingine ya kidato cha tano na sita ambako Kifaransa hawakukigusa. Waliosoma KLF, yenye Kifaransa ndani, wana darasa lao. Kwa hiyo naanza na watu waliolingana: salamu hawaijui, umri wao mmoja, mwalimu ndiye mimi, chumba kile kile chenye feni moja inayozunguka. Ukija wiki ya sita utadhani ni madarasa matatu yaliyokutanishwa kwa bahati mbaya.

Nimeleta hoja hii kwa sababu nimechoka kusikia ofisini "huyu ana motisha, yule hana", utadhani motisha ni bando, ama unalo ama limekata.

Siku ya kwanza huwa nagawa vipande vya karatasi. Kila mtu aandike jina na sababu iliyomleta. Majibu ni yale yale: nataka kazi Umoja wa Mataifa, nimeambiwa hapa A ni za bure, napenda wanavyoongea, baba kasema. Mmoja aliandika "sijui ticha" akachora kikatuni kinacheka.

Muhula huu niwape wawili tu.

Wa kwanza ni kijana wa Arusha. Karatasi yake ilijaa mbele na nyuma. Amekulia mjini pale wakati Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda bado ipo, kabla haijafunga kazi mwisho wa 2015, na nyumba ya jirani walipanga watu wa Afrika Magharibi. Alikuwa akisikia Kifaransa kupitia ukutani. Sasa anataka awe mkalimani kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo ipo Arusha. Ukiisoma karatasi ile unasema huyu ndiye niliyekuwa namsubiri. Wa pili ni dada wa idara nyingine kabisa, aliandika: "Ratiba ilibana, hii ndiyo iliyoingia." Basi.

Kufika wiki ya tano kijana wa Arusha akawa amehamia viti vya nyuma. Kazi za kuandika analeta kwa wakati, safi, kuliko wenzake wote. Kuongea hataki. Nilipomwita alinijibu kwa adabu: "Ticha, nitaongea nikishaweza." Yule dada, kikundi chao kilipewa igizo la sokoni. Wenzake wakachagua matunda kwa sababu majina ya matunda yako kwenye kitabu. Yeye akasema anauza dagaa. Akasimama mbele ya darasa, mkono kiunoni, akaanza kugombana bei kwa Kifaransa cha vipande vipande. Anachapia kila sentensi, darasa limevunjika mbavu, na yeye anacheka huku anaendelea kuuza. Tangu siku hiyo kipindi kikiisha ananisubiri mlangoni: "Ticha, na nikitaka kumwambia mteja aache kuvuruga fungu nasemaje?" Jaribio la mdomo hakuna aliyemfikia.

Wataalamu walishaligusa jambo hili zamani. Robert Gardner na Wallace Lambert mwaka 1959 walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa Montreal, Kanada, waliokuwa na Kiingereza nyumbani na wanasoma Kifaransa shuleni. Walikuta kipaji pekee hakielezi nani atafika na nani atabaki njiani, kwamba namna mwanafunzi anavyowaona wenye lugha ile nayo ina uzito wake. Ndipo ukaja ule mgawanyo ambao kila aliyesomea ualimu wa lugha ameukariri: kuna anayejifunza ili awe karibu na wenye lugha, na kuna anayejifunza kwa manufaa yake, kazi au cheti. Na tukaaminishwa kuwa wa kwanza ndiye bora.

Sawa, lakini Montreal mwenye Kifaransa yuko mtaa wa pili. Mwanafunzi wangu akae karibu na nani? Gardner na Lambert wenyewe walipofika Ufilipino, ambako Kiingereza ni lugha ya shule na ya kazi, waliona hiyo motisha ya manufaa inafanya kazi vizuri tu, na wakayaandika hayo kwenye kitabu chao cha 1972. Nusu hii ya habari wengi hawaikumbuki.

Baadaye Zoltán Dörnyei, Mhungari aliyekuwa akifundisha Nottingham, Uingereza, akaja na mpangilio mwingine mwaka 2005. Anasema tazama mambo matatu: mtu ambaye mwanafunzi anatamani kuwa, mtu ambaye wengine wanamtaka awe, na yanayomkuta darasani siku kwa siku. Kwa macho yangu, kijana wa Arusha lile la kwanza analo mpaka limemlemea. Kila akitaka kufungua kinywa anajipima na mkalimani wa mahakamani, basi anakifunga. Dada wa dagaa ndoto ya namna hiyo hakuwa nayo hata kidogo. Kilichomkamata ni kipindi chenyewe.

Ndiyo maana naona swali la "ana motisha kiasi gani" halitufikishi popote. Mimi nataka kujua ya mtu huyu inatoka wapi, na inahitaji kulishwa nini isife. Hawa wawili wanahitaji vitu viwili tofauti, na mimi nina saa chache kwa wiki na watu kama sitini ndani ya chumba.

Mliosoma lugha chuoni, iwe Kichina, Kijerumani, Kiarabu, hata Kiswahili kwa wasiokuwa wenyeji, ilikuwaje? Naomba kuwasilisha.

Kiti cha Mbele

Naweka kambi hapa. Komenti zije.

Mzee wa Boom

Ticha umezunguka sana. Motisha ni boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu. Boom likiingia darasa linajaa, watu wana daftari jipya na kalamu za rangi. Likikata, nusu wako getini wanauza vocha. Mtu ameshindia chai na andazi, wewe unamwambia habari za "mtu anayetamani kuwa". Anatamani kuwa mtu aliyeshiba.

Chaki na Vumbi

Mkuu sikatai, njaa haina mjadala. Ila wote wawili niliowataja wanaishi kwa boom, hosteli moja. Njaa ingekuwa ndiyo jibu, wangekuwa sawa.

Vijumba

Mimi ni wa Kichina. Nilianzia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Confucius, kituo cha kufundisha Kichina kilichofunguliwa pale 2013, jioni baada ya vipindi vya kawaida. Nieleze kidogo kwa sababu huku kwetu sababu zinabadilika njiani, na mleta uzi hilo hajaligusa.

Karibu wote tulianza kwa ajili ya skolashipu. Kule kuna mtihani wa Kichina uitwao HSK, na kwa ngazi sita za zamani hesabu yake ilikuwa wazi: ngazi ya kwanza maneno 150, ya pili 300, ya tatu 600, ya nne 1,200. Ukitaka kusoma digrii China kwa Kichina, kwa kawaida unaombwa ya nne. Basi kila mtu anajua amebakiza maneno mangapi. Tulinunua madaftari ya hesabu, yale ya vijumba, tukawa tunajaza herufi moja kwenye kijumba kimoja, ukurasa mzima "mimi, mimi, mimi". Roomate akadhani nimerogwa.

Kufika ngazi ya tatu darasa likapukutika. Wengine walipata skolashipu za nchi nyingine, wakaacha siku hiyo hiyo. Wengine walinyimwa, wakaacha. Mimi nilinyimwa na sikuacha, na sababu ni kwamba wakati huo nilikuwa nimeshapata kibarua cha wikiendi Kariakoo, duka la jumla la vifaa vya simu. Bosi Mchina, mke wake Mchina, wateja wa Mbeya, Mwanza na Lubumbashi. Hapo ndipo nilipogundua kuna vitu darasani havipo. Mtu anakuonyesha kidole gumba na cha shahada vimetanuliwa, wewe unaona bastola, kumbe anasema nane. Gumba na kidole cha mwisho ni sita. Kumi wanapishanisha vidole viwili kama msalaba. Ukishika hivyo tu, unaona mama mwenye duka anaanza kukuongelesha polepole na kukurekebisha, anakuita mdogo wake.

Kwa hiyo nilianza kwa cheti, nikaendelea kwa pesa, na sasa hivi naangalia tamthilia zao usiku bila kulipwa na mtu. Hizo ni motisha tatu kwa mtu mmoja. Ungenipa ile karatasi yako mwaka wa kwanza ungenipanga kwenye fungu ambalo leo simo.

Chaki na Vumbi

Vijumba, hii ni nzito. Na ni kweli, karatasi nagawa mara moja tu, siku ya kwanza. Muhula ujao nitaigawa tena katikati.

Shosho wa Umoja

Salamu kutoka Nairobi. Sisi Confucius ilifika Chuo Kikuu cha Nairobi 2005, ya kwanza Afrika, lakini siku hizi maneno ni Kijerumani. Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi ule mkataba wa uhamiaji na ajira pale Berlin, Septemba 2024, kila mzazi amejua A1, ngazi ya kwanza ya lugha, ni nini. Kabla ya hapo mamangu alidhani ni saizi ya karatasi.

Sasa, wenzangu mnaongea kana kwamba kusukumwa na wengine ni kubaya. Mimi ni muuguzi, nimemaliza digrii, na kule muuguzi anaitishwa B2, ngazi ya nne baada ya A1, A2 na B1. Sikuwa nakipenda Kijerumani hata chembe. Mamangu ameuza shamba kidogo, shangazi wawili wamechanga karo, group ya WhatsApp ya familia kila Ijumaa wanauliza "umefika wapi". Huyo ndiye "mtu ambaye wengine wanamtaka awe", sivyo? Basi alinifikisha B1. Wale wa darasa letu waliokuja kwa kupenda muziki wa kule na kandanda yao waliacha tulipofika pale kila nomino ina jinsia yake na inabadilika na viambishi. Mapenzi yaliisha. Deni la shangazi haliishi.

Shida yangu ilikuwa moja: B1 ikitoka nililala wiki nzima bila kugusa kitabu na sikujisikia vibaya. Ukisukumwa, anayesukuma akitoa mkono unasimama. Kutoka B1 kwenda B2 ilibidi nitafute kitu changu mwenyewe. Nikakipata kwa bibi mmoja Mjerumani mstaafu anayeishi hapa, nikawa naenda kumsomea gazeti na kumpima presha. Ananisimulia wajukuu wake wote. Huyo bibi ndiye aliyenipa B2.

Mlimani Wima

Hahaha "deni la shangazi haliishi". Shosho umeua.

Kampala Mzawa

Nawasalimu kutoka Uganda. Mtanisamehe ngeli, Kiswahili nimejifunza ukubwani, Makerere.

Kwetu hii mada ina mambo ambayo nyinyi wa pwani hamwezi kuyaona. Bibi yangu aliposikia nasoma Kiswahili chuoni alinyamaza, kisha akauliza: unataka kuwa mwanajeshi? Watu wa umri wake walisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani enzi za Amin. Aliyekisema alikuwa na bunduki. Na kwetu Buganda kulikuwa na chuki ya zamani zaidi, hofu kwamba kitaimeza lugha yetu. Kwa hiyo hata Katiba ilipofanyiwa marekebisho 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, nyumbani kwetu hakuna aliyejali.

Baraza la mawaziri lilipoamua Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, darasa letu lilibadilika sura. Ghafla waliosomea ualimu wote wanakitaka, maana walimu watahitajika. Hao ni motisha ya manufaa, wazi kabisa. Lakini ndani ya darasa hilo hilo kulikuwa na vijana wa familia za wanajeshi ambao wanakisema kidogo tangu utotoni na wanaona haya kukisema vizuri, na kulikuwa na mimi ambaye nilikuwa najificha. Nilikuwa nafanyia mazoezi bafuni ili bibi asisikie.

Swali langu kwa mwalimu: mtu kama mimi nadharia hizi zinamweka wapi? Nilikuwa na ari sana. Sikuwa na mahali pa kuitumia bila kumuudhi mtu ninayempenda.

Chaki na Vumbi

Ndugu wa Kampala, Kiswahili chako kinawashinda wengi humu, usijali.

Swali lako kuna mama aliyelishughulikia, Bonny Norton, mwaka 1995. Alifuatilia wanawake wahamiaji Kanada. Aliona walikuwa na hamu kubwa ya Kiingereza, lakini mahali pa kazi hakuna aliyewapa nafasi ya kukisema, au waliwaona si watu wa kuongea nao. Akasema neno "motisha" peke yake linamlaumu mwanafunzi kwa mambo yaliyo nje yake. Yeye akaliita uwekezaji: mtu anawekeza kwenye lugha akiona itamfanya awe nani mbele ya watu, na nani atamruhusu. Mmoja wa wanawake wale alikuwa akifanya kazi mgahawani na vijana wadogo waliomwachia kazi zote. Alipata sauti siku alipoacha kujiona mhamiaji asiyejua Kiingereza na kuanza kuwaona wale kama watoto wake. Mama hawezi kunyamazishwa na watoto.

Bibi yako aliishia kusemaje?

Kampala Mzawa

Bado anauliza jeshi naingia lini. Lakini wageni wa Mwanza wakija dukani kwake ananiita mimi.

Ngeli Ngumu

Mimi naomba tuuweke uchi ukweli mmoja. Tunazungumza Kifaransa na Kichina wakati lugha ya pili inayotuua vyuoni ni Kiingereza. Shule ya msingi ya serikali tumesoma kwa Kiswahili miaka saba, Form One tukabadilishiwa, chuoni kila kitu ni Kiingereza. Motisha ya manufaa ipo tele, hakuna mwanafunzi asiyejua kuwa bila Kiingereza hakuna usaili wala GPA. Mbona semina zetu ni kimya?

Nakumbuka mwaka wa kwanza, semina, jamaa kutoka Sumbawanga amepangiwa kuwasilisha. Hoja alikuwa nazo kuliko sisi wote, usiku wake ndiye aliyetufundisha. Alipoanza tu akateleza kwenye kitenzi, mtu nyuma akaguna, wawili wakacheka. Jamaa akageukia karatasi akaisoma mpaka mwisho bila kuinua macho, akakaa. Muhula mzima hakuuliza swali. Mwenzake anayetema yai kama katua jana kutoka Texas, hoja hana, anapigiwa makofi.

Kwa hiyo msiniambie habari za motisha. Ni woga, na woga tunauzalisha wenyewe.

Chaki na Vumbi

Ngeli Ngumu, hapo umegusa ninapopataka. Woga wa darasa la lugha una fungu lake peke yake. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas walitengeneza dodoso la sentensi 33 la kupima hofu hiyo tu, kwa sababu waliona wanafunzi jasiri kwenye masomo mengine wanatetemeka wakifika kwenye lugha. Darasa la hesabu ukikosea umekosea hesabu. Darasa la lugha ukikosea unajiona mtoto mbele ya watu wazima.

Na 1998 Peter MacIntyre na wenzake wakachora kama piramidi, kileleni ni tendo lenyewe la kutumia lugha. Ukishuka ngazi moja unakuta utayari wa kuongea, chini yake unakuta hamu ya kuongea na mtu huyu, wakati huu, pamoja na kujiamini kwa wakati huo. Motisha tunayoizungumzia iko chini zaidi. Yaani mtu anaweza kuwa na msingi imara na juu pakaziba. Jamaa wa Sumbawanga ndiye huyo. Kijana wangu wa Arusha pia.

Dakika Tisini

Mnasahau kipaji. Kuna watu wanazaliwa nacho. Nina rafiki kaenda Maputo mara moja karudi anaongea Kireno. Mimi Kiarabu nimesoma madrasa na chuo, bado naomba maji kwa ishara.

Chaki na Vumbi

Kipo, mkuu. John Carroll na Stanley Sapon walitoa mtihani wa kupima kipaji cha lugha 1959, mwaka ule ule wa akina Gardner. Unapima vitu kama kukamata sauti, kubaini kazi ya neno kwenye sentensi, kukariri jozi za maneno. Watu wanatofautiana kweli.

Ila angalia mtego wake. Mwenye kipaji anapata alama za mwanzo kirahisi, alama zinampa hamu, hamu inampa muda wa kusoma. Mwisho wa muhula unakuta mwenye alama ana motisha, unasema motisha ndiyo iliyoleta alama. Huenda ni kinyume chake. Hata dada wa dagaa, sina hakika kama ari yake ilitangulia au ilizaliwa siku darasa lilipomcheka kwa upendo.

Ngeli Ngumu

"Kwa upendo". Aliyechekwa ndiye anayejua kama ni upendo.

Theluji ya Kwanza

Naandika kutoka Marekani. Niliwahi kuja huku kwa ule mpango wa Fulbright unaoleta walimu vijana kufundisha lugha zao vyuoni kwa mwaka mmoja wa masomo. Nilifundisha Kiswahili. Niwape upande wa pili, wageni wanaojifunza kwetu.

Vyuo vingi huku vinadai mwanafunzi asome lugha ya kigeni ndipo ahitimu, kwa hiyo wapo wa "nipate kredi nisepe", wanachagua Kiswahili kwa sababu wamesikia kinasomeka kama kilivyoandikwa. Wakifika kwenye ngeli sura zinabadilika. Kulikuwa na mtafiti wa malaria anayejiandaa kwenda Ifakara. Huyo alikuwa na orodha: homa, kutapika, chandarua, "una siku ngapi unaumwa". Zaidi ya hapo hakutaka, na ndani ya orodha yake alikuwa mkali kuliko wote. Kulikuwa na kijana Mmarekani Mweusi ambaye kwao husherehekea Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi yenye misingi inayoitwa kwa Kiswahili, kila Desemba, amekua akisikia umoja, ujima, imani, akataka kujua lugha yenyewe ikoje. Huyo hakukosa hata siku moja. Lakini nilipowaambia tuigize kubishana na kondakta wa daladala alikwazika. Aliniambia hakuja kujifunza matusi ya stendi. Alikuwa ameijengea lugha hadhi fulani, na daladala ikaishusha.

Na kulikuwa na binti wa wakimbizi kutoka Kongo, Kiswahili cha Kivu ndicho cha nyumbani. Ndiye aliyenisumbua akili zaidi. Anaelewa kila kitu. Anasema "tuko naenda", mimi nasahihisha "tunaenda". Baada ya wiki kadhaa akaacha kunyoosha mkono. Nikaja kujua anaona namwambia mama yake hajui Kiswahili. Nikabadilisha: kila wiki tukawa na dakika kumi yeye anawafundisha wenzake wanavyosema kwao, na kwenye mtihani anaandika sanifu. Alirudi.

Watu wanne hao walikaa chumba kimoja, wote "wana motisha ya juu" ukiwapa dodoso. Jaribu kuwaandalia somo moja sasa.

Vijumba

Theluji, huyo wa orodha ya homa ni ndugu yangu kabisa. Kariakoo ukijua bei, idadi na "hii feki" unaishi.

Forodha Tu

Nimechelewa, nilikuwa bandarini. Mimi ni wakala wa forodha, mizigo yangu mingi ni ya Kongo. Wateja wa Lubumbashi tunaongea Kiswahili, vicheko, hakuna shida. Karatasi zao sasa: ankara, vibali, barua za mamlaka zao, zote Kifaransa. Herufi moja ukikosea kontena linakaa, na likikaa lina gharama zake kila siku.

Nimewahi kuajiri kijana aliyemaliza digrii na Kifaransa chake kizuri cha salamu na mashairi. Kusoma ankara hawezi. Mimi mwenyewe mashairi siyajui, ankara naisoma. Kama mnataka mwanafunzi awe na ari, mwonyesheni karatasi ambayo mtu anailipia.

Mzee wa Boom

Niliwaambia. Pesa.

Chaki na Vumbi

Mzee wa Boom leo umeshinda raundi moja.

Forodha Tu, si wote watakaofurahia ankara. Dada wa dagaa angesinzia. Ila nina mmoja najua itamfaa. Niwape mrejesho wa kijana wa Arusha. Wiki iliyopita niliacha kumwambia aongee. Nilimkalisha katikati ya wenzake wawili, mmoja anasema Kiswahili tu, mwingine Kifaransa tu, mgogoro wa nyumba ya kupanga, yeye awe mkalimani wao. Aliongea kipindi kizima. Alikosea sana, hasa nyakati za vitenzi, na hakusimama hata mara moja, kwa sababu maneno hayakuwa yake, yalikuwa ya mpangaji na mwenye nyumba. Mwisho akamkatiza mwenye nyumba kwamba anaongea haraka mno.

Sijui kama itadumu akiambiwa aongee kwa niaba yake mwenyewe. Mtihani wa mdomo unamtaka hivyo, na muundo wake siupangi mimi.

Forodha Tu

Mlete likizo. Nina rundo la barua za zamani za wateja, majina nitafuta. Leta wawili watatu, nauli ya daladala na chakula cha mchana juu yangu. Ila waje na suruali za heshima, bandarini hawaingii na kandambili.

Chaki na Vumbi

Nakuja PM sasa hivi. Naweza kuleta na mmoja wa "A za bure"?

Forodha Tu

Huyo mlete wa kwanza.